Paipu Mpya za Breki, Baba Rehema

Baba Rehema,

Najua huko uliko hakuna posta. Na hata ingekuwepo, wewe barua ulikuwa unasoma mistari miwili halafu unaniuliza, "Kwa kifupi anasema nini?" Kwa kifupi nasema hivi: gari yako sasa ina breki. Tumezitengeneza mimi na mtoto wako, hapa hapa uani. Sasa kaa nikueleze kwa kirefu, maana safari hii huwezi kunikatiza.

Nimetoka eda Jumamosi iliyopita. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya nyumba hii ya Migosi bila kuvuka geti, kama dini yako inavyotaka. Dini niliyoingia kwa ajili yako nikiwa msichana wa Asembo Bay anayeitwa Akinyi, halafu nikaipenda kwa ajili yangu mwenyewe. Sikujipaka manukato. Sikuvaa dhahabu, utafikiri uliniachia dhahabu. Nilikaa, nikashona nguo za watu. Na kila nikiinua macho kutoka kwa cherehani, naiona dirishani, iko juu ya mawe manne: gari yako ya michezo, viti viwili, wekundu wake umepauka ukawa rangi ya figo, imejiinamia kama kuku anayeatamia.

Unajua wanawake wa hapa waliiita mke mwenza wangu. "Mama Rehema, nyieka wako amelala wapi leo?" Nami nacheka. Lakini nikwambie ukweli leo, nilikuwa na wivu nayo. Siku za Jumapili ulikuwa chini yake saa nzima, miguu tu ndiyo inaonekana, na nikikuletea chai unasema, "Weka hapo, usiguse kitu, utaharibu." Mimi, ambaye nimeshona suti ya bwana harusi bila fundi mwanaume kunishikia hata sindano! Mimi nitaharibu!

Basi ngoja.

Siku ya arobaini yako walikuja wazee wa msikiti wakasoma, wakala pilau yangu wakaisifu, na wakati wa maji ya kunawa ndugu yako Shaban akaanza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Nilisikia kila kitu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "ile chuma iko uani ni mali ya marehemu, na mimi nina fungu langu ndani yake. Kuna jamaa ananunua vyuma vikuukuu. Nitamleta."

Nikamjibu kutoka pale pale, "Baba Rehema alimpa Rehema hiyo gari."

"Shahidi ni nani?"

Shahidi alikuwa ni wewe na Rehema mwenyewe, vichwa vyenu vyote viwili ndani ya injini. Ndiyo hasira yangu kwako hiyo, Baba Rehema, naisema wazi. Ulikuwa unaropoka mbele ya watu wote juu ya mpira na siasa, lakini jambo la maana ukalisema chini ya boneti.

Shaban akaongeza, "Tena haitembei. Kitu kisichotembea si gari, ni chuma."

"Na ikitembea?" nikauliza.

Akacheka. "Kutembea si shida, shemeji. Hata jiwe linatembea ukilisukuma. Itasimama? Breki za ile gari zilikufa kabla ya mwenyewe."

Wazee wakaacha kunawa. Hata yeye nadhani alisikia alichokisema, lakini hakurudisha. Baba Rehema, ile siku pedali ilizama mpaka sakafuni ukaingia na gari katika sukuma wiki za jirani, mtaa mzima ulicheka na wewe ulicheka kuliko wote. Lakini kukucheka ukiwa ardhini, nyumbani kwako, na pilau yangu tumboni? Ndipo nikasema bila kufikiri. Unanijua.

Nilisema, "Siku nikitoka eda, Rehema ataiendesha mpaka Luanda Kotieno. Mpaka kwenye feri."

"Kule barabara inaishia ndani ya ziwa," Shaban akasema. "Isiposimama mtaoga."

Mzee mmoja akamuuliza, "Na ikisimama, Shaban?"

"Ikisimama kabla ya maji, fungu langu la gari hiyo namwachia Rehema. Lote."

"Tumesikia," wakasema wazee. Sasa hapo nilikuwa na mashahidi.

Waliondoka, nikamtazama mtoto, akanitazama. Akasema, "Mama, injini inawaka, lakini unajua paipu za breki zote zimeoza?" Nikamwambia sijui, lakini wewe unajua, na mimi nina mikono. Rehema wako, kama ulisahau kuwaambia watu huko uliko, ndiye msichana pekee katika darasa la magari pale chuo cha ufundi, na mtihani wa mwisho wavulana walikuwa wanaangalia karatasi yake, si yeye zao. Leseni anayo. Nimewaambia wateja wangu wote. Wengine nimewaambia mara mbili.

Shida ilikuwa moja. Fundi mwanaume angeingiaje uani kwa mjane aliye edani, alale chini ya gari siku tatu? Watu wa Migosi wangekuwa na habari mpaka Krismasi. Na gari yenyewe haiwezi kwenda gereji, haina breki. Kwa hiyo kazi ilikuwa yetu, hakuna mwingine. Mwalimu wake wa chuo, mzee mpole mwenye miwani, alikubali kusaidia kwa njia moja: anasimama nje ya geti na kupiga kelele. "Rehema! Msiifungue nati kwa spana ya mdomo wazi, mtaila kichwa!" Na mimi kutoka ndani, "Mwalimu, ameshaila moja!" Na yeye, "Basi ikateni hiyo paipu, nati itoke na kipande chake!" Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kukaa ukutani kama wako sinema.

Tulianza na paipu ndefu, ile inayotoka kwa masta, pampu ya mafuta ya breki kule mbele, mpaka magurudumu ya nyuma. Nililala chini ya gari, Baba Rehema. Mimi, na kanga yangu ya eda. Kutu ilinidondokea mdomoni. Na hapo, karibu na mhimili wa nyuma, nikakutana na kitambaa. Umefunga paipu iliyokuwa inavuja kwa kipande cha shuka yetu ya buluu, ile niliyoitafuta mwaka mzima nikamsingizia msichana wa kufua. Umeifunga fundo lako lile la kufungia magunia. Nilibaki pale chini. Rehema akaita, "Mama? Mama umekwama?" Nikamwambia ndiyo, nimekwama, niache kidogo.

Sikulia sana. Nilikutukana kidogo, halafu nikalia kidogo, halafu nikaendelea.

Sasa sikiliza sehemu yangu. Paipu mpya zinakuja zimekunjwa kama bangili, unazinyoosha, unazikata, unazipinda zifuate njia ya zile za zamani bila kugusa bomba la moshi wala kitu kinachozunguka. Rehema alitaka kupima kwa kukadiria macho. Nikamwambia weka hiyo chini. Nilichukua uzi, nikaulaza juu ya paipu ya zamani kila kona na kila mzunguko, nikaunyoosha kwenye tepu yangu, nikaandika kwa chaki. Kama mkono wa koti. Nikakata nikiacha ya kukunjia pindo. Halafu nikaipinda taratibu kwa kuizungusha kwenye mchi wa kinu, dole gumba mbele, bila haraka, maana ukiharakisha inabonyea na mafuta hayapiti tena. Hakuna hata moja iliyobonyea. Mwalimu aliposhikishwa moja kupitia geti aliigeuza, akaigeuza, akasema, "Nani amepinda hii?" Rehema akasema, "Mama." Mwalimu akasema, "Mama yako ahamie chuoni." Maneno yake hayo, sikuongeza.

Mtoto wako naye, ili usidhani nampamba, alipanua mdomo wa paipu ya kwanza vizuri sana kwa kile chombo alichoazima chuoni, mdomo ukatoka kama tarumbeta, akafurahi, halafu akagundua nati iko mkononi mwake. Nati inaingia kwanza, ndipo unapanua mdomo! Ikabidi akate tena. Nikamwambia usijali, baba yako alishona suruali kwa mkono siku moja akafunga miguu yote miwili pamoja. Hukumbuki? Mimi nakumbuka.

Halafu nikafanya kosa langu. Nalisema kwa kuwa nimeshaandika ya wengine.

Rehema alifungua magurudumu akatoa vile vipira vidogo vinavyosukumwa na mafuta ya breki. Vilikuwa vichafu. Akaniletea chupa ya spiriti, akasema, "Mama, osha na hii." Nikainusa. Spiriti! Pombe tupu, na harufu yake kama duka la manukato. Nikasema, yawa, mimi niko edani, sitatia mikono yangu ndani ya pombe na marashi kwa sababu ya mke mwenza. Alipoenda chuoni nikachukua mafuta ya taa, kama ulivyokuwa ukiosha vyuma vya injini, nikaviloweka vizuri kwenye kopo kutwa nzima. Vilitoka vinang'aa. Nikavipanga kwenye gazeti, najisifu peke yangu.

Alivirudisha bila kujua. Tukatoa hewa kwenye paipu. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote: mimi kwenye kiti chako, yeye chini kwenye gurudumu na kipaipu cha plastiki na chupa. "Kanyaga, Mama! Shikilia! Usiachie... usiachie... sasa achia!" Gurudumu la mbali kwanza, halafu tunakaribia. Mapovu yanatoka kwenye chupa, tunaongeza mafuta kule juu yasikauke, tunarudia. Jirani yetu akaniambia ukutani, "Mama Rehema, kila nikisikia 'kanyaga' nafikiri unazaa." Mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu. Ngumu kama kukanyaga ardhi. Nilipiga kigelegele, nikakumbuka niko edani, nikakimeza nusu.

Kesho yake tukaishusha gari kutoka kwenye mawe, tukaisukuma. Haikwenda. Breki zilikuwa zimeshika zenyewe na hazikuachia. Vipira vilikuwa vimevimba kama maandazi kwa ajili ya mafuta yangu ya taa. Zilikuwa zimebaki siku tisa nitoke eda.

Rehema hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikaa juu ya tairi, akauliza pole pole, "Mama, viliguswa na nini?" Nikamwambia. Akaenda kumwambia mwalimu pale getini na nikasikia mwalimu akimwambia ampe kimoja akione.

Nilimwita yule bibi anayefundisha watoto Kurani, Bi Mwanaisha, nikamweleza kila kitu, na nikamwambia labda Mungu hataki. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Rehema, umekatazwa kujipamba. Nani amekukataza kuosha chuma? Ungekuwa umejipaka hiyo spiriti shingoni, hapo tungeongea." Halafu akakunja mikono ya baibui akauliza vipira vyenyewe viko wapi avione.

Vipira vya gari ile ya zamani ya Kiingereza hakuna tena Kisumu nzima. Mwalimu alizunguka maduka ya spea siku nne na kimoja kilichovimba mfukoni na kimoja kizima cha kulinganisha, kilichobaki kwenye sanduku lako la spana bila kuoshwa, mpaka akapata vya gari nyingine ya Kiingereza vyenye kipimo kile kile. Alivipitisha chini ya geti ndani ya bahasha. Tulivua kila kitu tena, tukamwaga mafuta yote, tukasafisha paipu. Vipira nikaviosha mimi. Kwa spiriti. Kisha, kanyaga, shikilia, achia, tangu mwanzo. Safari hii tulipoisukuma ilikwenda, na nilipokanyaga ikasimama, na nilipoachia ikaenda. Siku mbili zilibaki. Tuliangalia kila nati kwa kipande cha gazeti kikavu, kama kuna tone litalowesha. Hakuna tone.

Jumamosi ikafika. Nilioga, nikavaa nguo nyeupe niliyojishonea, nikavuka geti. Jua lilinipiga usoni kama sijawahi kuliona. Shaban alikuwa barabarani na lori ya kuvutia magari, na yule mtu wake wa vyuma ndani, na wazee wawili wa msikiti nyuma kwenye kiti. Akaniangalia, akaangalia gari. "Shemeji, ukae na sisi kwenye lori. Acha mtoto ajaribu peke yake."

"Nani amepinda paipu?" nikamwuliza. Hakuelewa. Nikaingia kiti cha pili nikafunga mlango.

Njiani Rehema aliendesha pole, akizijaribu breki kila baada ya muda, na kila akizijaribu namwangalia uso. Lori ilitutangulia. Tulipita njia panda ya kwetu Asembo Bay, sikusema tusimame. Nilikuwa nimeshika mlango, nakiri. Nilikuwa nafikiria kila nati kwa jina lake. Kwa sababu nati ni za chuma lakini mtoto ni mmoja, Baba Rehema. Kama nilikuwa nimekosea tena, safari hii sikukosea kwenye suruali ya mtu.

Luanda Kotieno, pale barabara inashuka kuelekea feri, watu walikuwa wamejaa. Wanawake walikuwa wameanika omena pande zote, na magugu maji yamefunika ukingo wa ziwa kijani kibichi, huwezi kujua ardhi inaishia wapi. Shaban alikuwa amesimama chini kabisa, viatu vyake karibu na maji, mikono kifuani. Rehema akasimamisha gari juu ya mteremko. Akaniambia, "Mama, shuka."

Nikamwambia, "Endesha."

Akaachia. Gari ikashuka, ikaongeza mwendo, naona omena zinapita, naona Shaban anakua mkubwa. Rehema akakanyaga. Pua ya gari ikainama, tairi zikalia, ikavuta kidogo kushoto, akaishika. Ikasimama. Mbele ya boneti kuna mchanga kama hatua nne, kisha magugu. Shaban alikuwa pembeni ndani ya magugu mpaka magotini. Aliruka, Baba Rehema. Hatukumgusa wala tusingemgusa, aliruka mwenyewe.

Wavuvi walicheka mpaka wakaacha nyavu. Nikashuka, nikasimama wima mbele ya Shaban.

Akasema chini chini, "Haya, shemeji. Imesimama."

"Sema kwa sauti, wazee hawajasikia."

"Nimesema imesimama!"

"Tumesikia," wakasema wazee kutoka kwenye lori. Mtu wa vyuma akawasha injini akageuza.

Nilimpa Shaban mkono akatoka majini. Ni ndugu yako, ana pua yako, na alipokuwa anakamua suruali aliniambia, bila kuniangalia, "Nilikosea siku ile. Juu ya breki na mwenyewe." Nikamwambia najua. Kilichobaki atakuambia mwenyewe akija huko, mimi si tarishi.

Sasa gari ni ya Rehema. Amenunua rangi nyekundu, kopo moja, anasema itatosha. Haitatosha, lakini sijamwambia. Mwalimu anataka kuwaleta wanafunzi wake waje kuangalia zile paipu, na mimi nimesema waje, nitawaonyesha mwenyewe, geti sasa liko wazi.

Lala vizuri, Baba Rehema. Mungu akupe nafasi huko kaburini na akusamehe ile shuka. Mimi nakuahidi neno moja. Rehema ameanza kunifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, Jumapili mchana, na mpaka sasa nimegonga goli moja tu. Nikipata leseni nitapita barabara ya makaburini, mimi mwenyewe kwenye usukani. Nikifika usawa wako nitapunguza mwendo, nitakutolea salamu kwa jina lako lote, wapita njia wasikie. Halafu nitaendelea. Sitasimama. Nina nguo za watu za kushona.

Mkeo,
Akinyi, Mama Rehema